Usingizi wa saa nane: historia ya bukari, posho na neno "mvivu"

Leo ninaomba tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kinatukamata sisi wote: usingizi wa kisha kula. Unamaliza bukari yako na sombe, unakunywa maji, unarudi mu oditwari ao ku biro, na kufika saa nane macho inaanza kujifunga yenyewe. Profesa anaongea, wewe unaitikia na kichwa, lakini kichwa hakiitikii, kinaanguka. Wenzako wanacheka. Na mara nyingi kuna mtu mmoja atasema: "Huyu ni mvivu."

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma historia. Lakini mtu wa kilimo hawezi kutenganisha shamba na chungu, wala chungu na mwili wa mtu aliyekula. Nilipoanza kufuata njia ya mahindi kutoka mbegu mpaka sahani ya Lubumbashi, nilikutana na huo usingizi njiani, na nilikutana pia na neno hilo "mvivu". Vyote viwili vina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa kwetu Katanga.

Tuanze na mwili wenyewe. Zaidi ya miaka 2300 iliyopita, Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika kwamba chakula kikiingia tumboni kinatoa mvuke, mvuke unapanda mpaka kichwani, unapoa, unashuka tena, na mtu analala. Sisi wa leo tunacheka mvuke wa Aristotle, lakini sisi pia tuko na hadithi yetu: "Damu yote imeshuka ku tumbo, ubongo umebaki bila damu." Hii tuliisikia tangu masomo ya msingi. Kwa kweli haisimami vizuri. Mwili unalinda damu ya ubongo kwa nguvu sana. Tumbo linapata damu ya kuongeza, ni kweli, lakini haliibi ile ya kichwa.

Kinachojulikana leo ni mambo matatu yanayokutana saa moja. La kwanza ni saa iliyo ndani ya mwili. Kati ya saa saba na saa kumi za mchana, nguvu ya kukaa macho inashuka kidogo, na inashuka hata kwa mtu ambaye hakula kitu. La pili ni sukari ya damu. Mwaka 1998 watafiti walitangaza kwamba wamegundua kitu ndani ya ubongo kinachoitwa oreksini, ambacho kazi yake moja ni kutuweka macho. Kisha majaribio ya maabara juu ya chembe za ubongo wa panya yalionyesha kwamba sukari ikipanda, chembe zinazotoa oreksini zinapunguza kazi. La tatu ni ukubwa wa chakula na deni la usingizi. Mtu aliyelala masaa manne, akakula sahani kubwa ya wanga tupu, akakaa mu chumba cha joto, huyo hahitaji mvuke wa Aristotle ili alale.

Kwa hiyo usingizi wa saa nane hauna kabila wala rangi. Ukweli huo tuuweke mfukoni, tutauhitaji mbele.

Watu wa zamani hawakujua oreksini, lakini walijua mchana. Warumi walihesabu masaa kutoka jua kutoka. Saa ya sita yao ilikuwa katikati ya mchana, na kwa Kilatini waliiita hora sexta. Kutoka neno sexta Wahispania walipata neno siesta, na Wafaransa wakapata sieste. Sasa angalia Kiswahili: jua likifika kichwani, mzee anasema ni saa sita. Ni hesabu ile ile! Sisi vijana wa mjini tumezoea kusema saa kwa Kifaransa, ndiyo maana hatuoni, lakini siesta maana yake ni "saa sita". Waarabu nao wana neno lao, qaylula, usingizi mfupi wa mchana, na kati ya Waislamu ni desturi inayosifiwa. Watu wengi wa nchi za jua walifikia jibu moja: asubuhi fanya kazi, saa sita ingia kivulini.

Na kwetu? Kabla ya mgodi, mkulima wa huku alifuata jua. Aliamka mapema, alilima wakati udongo ungali baridi, jua likikaza alirudi. Kwa wengi chakula kikubwa kilikuwa cha jioni, juu ya kusaga na kupika ni kazi ndefu ya mama. Mtu akila jioni na usingizi ukaja, hakuna aliyemsemea. Usingizi na usiku viliingia mlango mmoja.

Chakula chenyewe kilikuwa tofauti. Nafaka zetu za zamani ni mtama na ulezi, mimea ya Afrika. Mahindi yalitoka Mexico, ambako watu waliyafuga miaka karibu 9000 iliyopita. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kwenye pwani ya magharibi, upande wa Kongo na Angola, katika karne ya 16, na kutoka hapo ulipanda polepole kwa njia za biashara mpaka ndani. Wareno waliofika kwa Mwata Kazembe, upande wa Luapula, mwishoni mwa karne ya 18 na tena mwaka 1831, waliukuta tayari ni chakula cha nchi. Hakuna serikali ya koloni iliyolazimisha. Wakulima wenyewe waliona kwamba mti huu unavumilia udongo maskini, nzige hawamalizi mizizi yake, na unaweza kungoja ndani ya udongo mpaka njaa ifike.

Lakini kuna kitu hakikupanda merikebu. Wamexico walichemsha mahindi yao na chokaa kabla ya kusaga, na chokaa hiyo inafungua vitamini ambayo bila hiyo mwili haiipati vizuri. Mbegu ilivuka bahari, mapishi yalibaki. Huku kwetu hilo halikuleta shida kubwa wakati mahindi yalikuwa kitu kimoja kati ya vingi: mtama, ulezi, kunde, karanga, majani ya porini, samaki wa Lualaba na wa Upemba. Shida inaanza pale chakula kimoja kinapokuwa chakula chote.

Na hapo ndipo reli inaingia. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru ilitoa shaba ya kwanza. Wanaume walikusanywa kutoka mbali, na hao wanaume walitakiwa kula. Nchi ya pembeni ya mji haikuwa na unga wa kuwatosha, basi unga wa mahindi ulipanda treni kutoka Rhodesia. Reli ya kwenda Kasai ilipomalizika mwaka 1928, mahindi ya Kasai nayo yalianza kushuka kulisha migodi. Wale wa kilimo kati yetu wanajua jina Gandajika: kituo cha utafiti cha INEAC, ile taasisi iliyoundwa mwaka 1933 ambayo leo ni INERA, kilikuwa pale pale katika nchi ya mahindi hayo. Mgodi ulikuwa na tumbo, na tumbo hilo lilibadilisha mashamba mamia ya kilometa mbali.

Hapo njo posho ilizaliwa. Mfanyakazi hakulipwa pesa tupu, alipewa chakula cha wiki: unga wa mahindi kwanza, kisha maharagi, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, nyama ao samaki. Neno hilo lilishika maisha mpaka mu lugha. Kwa Kilingala hata leo poso ni wiki. Fikiri kidogo juu ya hilo: watu walihesabu siku zao kwa mfuko wa unga.

Mwanzoni hesabu ilikuwa mbaya sana. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikufa wengi, kwa magonjwa, kwa kazi na kwa chakula kibaya. Kutoka mwaka 1928 hivi, kampuni ilibadilisha siasa: iliruhusu mfanyakazi alete mke na watoto, ilimpa mkataba wa miaka mitatu, na iliangalia posho kwa karibu zaidi. Wengine wanasema ni huruma. Mimi nikisoma ninaona pia hesabu ya mtu wa mashini: mashini isiyo na mafuta haiendi.

Kwa hiyo kizazi kimoja tu kilibadilishiwa vitu viwili pamoja. Kitu cha kwanza ni chakula: kutoka nafaka mbalimbali zilizotwangwa nyumbani mpaka unga mweupe wa kinu cha mashini. Kinu hicho kinaondoa ganda na kiini cha mbegu, kinaacha wanga. Unga huo unakaa muda mrefu bila kuharibika, ni mwepesi kusafirisha, na ni mwepesi pia kugeuka sukari ndani ya damu. Kitu cha pili ni saa: kutoka jua mpaka king'ora. Jua lilikuwa linasema "ingia kivulini". King'ora kinasema "rudi ku kazi". Usingizi wa saa nane, ambao zamani ulikuwa na kivuli chake, sasa ulimkuta mtu mbele ya tanuru ao chini ya shimo, na capita amesimama nyuma yake.

Sasa tufike kwenye neno "mvivu", maana mimi njo liliniuma zaidi.

Katika Kongo ya Wabelgiji, Mzungu alikuwa na sieste. Vitabu vya afya vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu wa nchi za joto viliwashauri wapumzike mchana, watoke juani, walale kidogo kama wanaweza. Biro na maduka yalifungwa saa sita, yakafunguliwa tena saa nane. Usingizi huo uliitwa hijieni. Lakini Mweusi akilala saa ile ile, kisha chakula kizito kuliko kile cha Mzungu na kazi ngumu kuliko ile ya Mzungu, usingizi wake uliitwa tabia. "Ni wavivu kwa asili," ndivyo ilivyosemwa na kuandikwa mara nyingi. Mwili mmoja, saa moja, majina mawili.

Jina hilo halikuwa tusi la mdomo tu, lilitumika kama sababu ya sheria. Mwaka 1917 serikali ya koloni iliweka kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka, na katika vita ya pili, mwaka 1942, ilizipandisha mpaka 120. Pamba, mpunga, muhogo, kulingana na mkoa. Walisema ni kumfundisha Mwafrika kupenda kazi. Mimi kama mtu wa kilimo ninashangaa: watu hawa hawa ndio walipokea muhogo na mahindi bila kulazimishwa, wakavijaribu, wakachagua mbegu, wakavieneza kutoka pwani mpaka Luapula. Mvivu hafanyi vile.

Kuna mtu mmoja aliyeangalia jambo hili kwa macho mazuri wakati ule ule, ng'ambo ya mpaka tu. Audrey Richards, mtafiti Mwingereza, aliishi kati ya Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1930. Tukumbuke kwamba Wabemba wako pande zote mbili za mpaka, ni ndugu zetu. Hakuuliza "kwa nini hawa hawapendi kazi?" Alikaa mu kijiji, akaandika siku kwa siku: leo watu wamekula nini, wamefanya kazi masaa mangapi. Kitabu chake juu ya ardhi, kazi na chakula kilitoka mwaka 1939. Alichoonyesha ni kwamba kazi inapanda na kushuka pamoja na ghala. Mu miezi ya njaa, mtu anakula mara moja ao anakosa kabisa, na hapo anakaa, analala, anapunguza mwendo. Yule mkubwa wa serikali anapita siku hiyo, anaandika "mvivu". Angepita kisha mavuno, angeandika kitu kingine.

Na wale "wavivu" wa Elisabethville, mwezi wa 12 mwaka 1941, waliacha kazi kwa kudai mshahara, kwa sababu vita ilipandisha bei ya vitu na pesa yao haikutosha tena. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi. Walikufa makumi ya watu. Wale walikuwa wamesimama kwa kudai jasho lao. Hapakuwa na mtu aliyelala.

Kisha uhuru, Union Minière ilichukuliwa na taifa mwaka 1967, Gécamines ikazaliwa, na posho ikaendelea. Muulize mzee yeyote wa cité ya wafanyakazi, atakuambia juu ya unga uliofika kwa hesabu ya watoto. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU ameandika juu ya hao Bana Shaba, watoto walioachwa na baba yao, na "baba" huyo ni kampuni. Miaka ya 1990 baba alianguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa mapenzi". Posho ilikufa, lakini ladha yake ilibaki. Mji mzima ulikuwa umeshazoea unga mweupe, na unga huo mpaka leo unatoka mingi Zambia. Zambia ikifunga mpaka, Kasumbalesa inakohoa na bei ya mfuko inapanda Lubumbashi.

Hivi tumefika ku usingizi wetu wa leo, na ni wa aina nyingine tena. Wengi wetu tunakula mara moja. Asubuhi chai, kama iko, kisha kutembea, kutafuta, kungoja, na saa nane ao jioni bukari moja kubwa ya kulipa siku nzima. Mboga kidogo, samaki mdogo wa kugawana, mlima wa bukari. Mlima huo unanunua shibe kwa bei ndogo, na mimi siwezi kumlaumu mama anayeupika, juu ya anapiga hesabu kuliko waziri wa mipango. Lakini mwili uliokaa tupu tangu asubuhi, ukipokea wanga wote kwa mara moja, unaanguka usingizi. Kijana anayelala mu staji saa tisa, mara nyingi ni kijana ambaye saa mbili asubuhi hakula kitu.

Ndiyo maana ninawaomba, sisi tunaojiita wasomi, tuwe waangalifu na lile neno. Leo si Mbelgiji anayelisema. Ni sisi. Msimamizi anamsemea kibarua, profesa anamsemea mwanafunzi, kaka anamsemea mdogo wake. Tumelirithi pamoja na king'ora.

Nini cha kufanya? Siwezi kumaliza historia bila kurudi ku shamba, njo kazi yangu. Kwanza, tugawanye chakula: sahani ile ile, kidogo asubuhi na kidogo mchana, ni bora kuliko mlima mmoja. Viazi vitamu vya kuchemsha ao maharagi ya jana asubuhi si aibu. Pili, turudishe vitu mbalimbali: unga usiokobolewa ukipatikana, maharagi, karanga, lengalenga, matembele, ndagala. Protini na nyuzi za mboga zinapunguza mwendo wa sukari kuingia mu damu. Mtama na ulezi si chakula cha maskini ao cha pombe tu, ni nafaka za babu zetu, na katika nchi ambayo mvua inaanza kuchelewa zinastahili ekari zake.

Tatu, tusiogope kulala kidogo. Watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, waliwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya kupumzika dakika 40 kwa zamu. Kwa wastani walilala dakika 26, na baadaye walikuwa macho zaidi na makini zaidi kuliko wenzao ambao hawakulala. Kama rubani mwenye watu mamia mgongoni anaruhusiwa, dereva wa lori la shaba kwenye barabara ya Likasi naye asimamishe gari kivulini. Kwake yeye, kulazimisha macho si bidii, ni hatari ya kufa na kuua.

Nne, si kila usingizi ni wa bukari. Mtu anayelala mchana kila siku hata akila vizuri, anayekojoa sana na kuwa na kiu, ao aliyepungukiwa damu, aende apimwe. Na katika mikoa yenye mbung'o, kuna malale. Ugonjwa huo unaanza na homa na maumivu ya kichwa, kisha unageuza mchana kuwa usiku, na Kongo yetu ndiyo iliyobeba wagonjwa wengi kuliko nchi nyingine. Huyo ndugu mkimwita mvivu, mmemnyima daktari.

Basi wandugu, siku nyingine mwenzako akiinamisha kichwa saa nane, kabla ya kucheka muulize maswali mawili: umelala masaa mangapi, na asubuhi ulikula nini? Mara nyingi jibu la la pili litakuambia mengi juu ya nchi yetu kuliko somo zima la ekonomi.